Mita Moja Mbele ya Lango la Feri

Kama unanisikia ukiwa ndani ya matatu, goti lako limegusana na goti la mtu usiyemjua na mkoba wake uko mapajani mwako, basi leo nakuzungumzia wewe. Na kama umejikalia barazani na kikombe chako cha kahawa, usizime redio, maana kesho asubuhi utakuwa kwenye foleni kama sisi wengine.

Nataka tuzungumze juu ya umbali baina ya mtu na mtu. Ule wa mita moja, mita moja na nusu, tuliohubiriwa mwaka 2020 hata watoto wakaufanya mchezo. Alama za rangi zilizochorwa sakafuni madukani zimeshafutwa na viatu. Barakoa zimerudi kabatini. Lakini mwaka ule ulituachia somo moja ambalo naona hatukulisoma hadi mwisho, nalo linahusu miguu yetu: tunavyotembea tukiwa wengi, tunavyosimama, na nani hasa anayeamua tukaribiane kiasi gani.

Twende Likoni, kwenye kivuko cha feri cha Mombasa.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 27 Machi 2020. Kenya ilikuwa imetangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona wiki mbili kabla, tarehe 13. Ijumaa hiyo ndiyo kafyu ilikuwa inaanza: kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, kila mtu nyumbani kwake. Sasa itazame Mombasa ilivyo. Kitovu cha mji ni kisiwa. Kazi ziko kisiwani, na maelfu ya wanaozifanya wanalala ng'ambo, Likoni na kuendelea hadi Kwale. Katikati pana mkono wa bahari wa kama nusu kilomita, na njia kuu ni feri. Siku ya kawaida, idadi inayotajwa ni zaidi ya watu 300,000 wanaovuka hapo.

Alasiri ile kila mtu alitaka jambo moja: awe ameshavuka kabla ya saa moja. Watu wakajaa, bega kwa bega, kifua kwa mgongo, wamebanana kama tende kandani. Kisha polisi wakaingia na marungu na gesi ya kutoa machozi, na umati uliokuwa umesimama ukaanza kukimbia. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba radhi wananchi kwa nguvu zilizotumiwa na polisi mwanzoni mwa kafyu.

Wengi waliolitazama tukio lile kwenye televisheni walitikisa kichwa. Watu wetu hawasikii, walisema. Wameambiwa waachane, wao wanarundikana. Mimi naomba tufanye hesabu kwanza, lawama baadaye.

Watu 300,000 kwa saa 24 ni watu 12,500 kwa saa, ukiwagawa sawasawa. Ondoa saa kumi za kafyu. Zimebaki saa 14, na watu wale wale sasa ni zaidi ya 21,000 kwa saa. Na hapo nimewagawa kama karanga kwenye vifungu, jambo ambalo haliko duniani. Hakuna anayevuka saa nane mchana ati kwa sababu hesabu inamtaka. Kweli, siku zile wako waliokuwa wameshaanza kubaki nyumbani, kwa hiyo idadi yenyewe haikuwa ile ya kila siku. Lakini mwelekeo unauona. Amri iliyokusudia kutuweka mbalimbali ilizikata saa, na saa zilipokatwa, tukasongana. Tulipunguziwa wakati, tukalipa kwa mita.

Hilo lishike, tutalirudia. Kwanza niruhusu nikueleze mambo mawili matatu juu ya mwendo wa watu, maana ukiyajua haya utaitazama hata foleni ya maji kwa jicho jingine.

Usidhani binadamu alianza kupima umbali kwa ajili ya korona. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Edward Hall, alichapisha kitabu mwaka 1966 akaeleza kwamba kila mtu hutembea amezungukwa na maduara yasiyoonekana. La kwanza, hadi sentimita 45 hivi, ni la mume, mke, mtoto, mzazi. La pili, hadi kama mita moja na robo, ni la rafiki na jamaa. La tatu, hadi mita tatu na nusu hivi, ni la karani, mwenye duka, mtu mnayekutana kwa shughuli. Vipimo vile alivipata kwa Wamarekani, na mwenyewe alisisitiza kwamba kila utamaduni una vyake.

Vya kwetu je? Nenda Lamu. Vichochoro vingine vya mji ule vinatosha punda na mzigo wake, basi. Mkikutana humo, mmoja anaingia kwenye daka la nyumba ya watu, mwingine anapita. Mnapishana kwa sentimita chache na hakuna anayejiona ameingiliwa, kwa sababu salamu imetangulia mbele ya mwili, bega limegeuka upande, mkubwa amepishwa na mdogo. Adabu inafanya kazi ambayo mahali pengine hufanywa na nafasi. Na hamali mwenye mkokoteni ana neno lake, "Pisha mzigo!", njia inafunguka mbele yake na kujifunga nyuma yake kama maji nyuma ya ngalawa.

Jambo la namna hii limewahi kupimwa. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani na India walichapisha ulinganisho wao: waliwatembeza watu kwa mstari mmoja, Wajerumani kwao na Wahindi kwao, wakiongeza idadi kila mara. Mstari ulipozidi kujaa, mwendo wa Wajerumani ulipungua zaidi. Wahindi waliweza kuendelea kwa kasi ingawa walikuwa wamekaribiana. Kwa hiyo hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima. Aliyekulia Kariakoo au Kongowea hukata soko zima bila kuangusha yai la mtu, na mgeni husimama penye kona akingoja nafasi ambayo haiji.

Tena umati una akili kuliko tunavyouheshimu. Siku moja panda daraja la wapita njia, uinamie reli, uangalie chini saa ya watu kutoka kazini. Wanaokwenda na wanaorudi hujipanga wenyewe kwa misururu. Hakuna askari, hakuna mstari wa chokaa. Unamfuata aliye mbele yako kwa kuwa yeye ndiye anayekufungulia njia, na wa nyuma anakufuata wewe kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 1995 Dirk Helbing na Péter Molnár walionyesha kwa kompyuta kwamba misururu hiyo haihitaji kiongozi. Inatosha kila mtu awe na kwake anakokwenda na awe hapendi kugongana na mwenzake. Hayo mawili tu, mto wa watu ukajigawa.

Sasa huo ndio umati ulioletewa amri ya mita moja na nusu. Kukatokea nini?

Kwanza, foleni zilirefuka. Watu 100 wakisimama kwa nafasi ya nusu mita, foleni ni mita 50. Waambie waachane mita moja na nusu, foleni ni mita 150. Imetoka mlangoni mwa benki, imepita duka la dawa, imeziba mlango wa kinyozi, imekata njia ya wanaotembea. Na mwenda kwa miguu asiye na shida na benki analazimika kushuka barabarani, apishane na bodaboda. Nafasi aliyopewa mmoja ilitoka kwa mwingine.

Pili, tulisahau kwamba kusimama na kutembea ni vitu viwili. Ukisimama juu ya alama, mita moja ni mita moja. Ukitembea unayumba kidogo, unapunguza mwendo, unageuka kumtazama mtoto, unakumbuka umesahau funguo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Navarra, Uhispania, waliwatembeza watu katika uwanja wa majaribio huku wakitakiwa watunze umbali. Matokeo waliyoyachapisha 2021 yalikuwa haya: ili watu wanaotembea huku na huku waachane mita moja kweli, kila mmoja anahitaji karibu mita 6 za mraba. Kwenye karatasi ungedhani moja inatosha. Sita ni mita 2 kwa mita 3, chumba cha kulala cha mtu mmoja, anatembea nacho.

Tatu, watu hawatembei mmoja mmoja. Mwaka 2020, katika kituo cha treni cha Utrecht, Uholanzi, watafiti walitumia vihisi vilivyofungwa juu ya jukwaa la abiria, visivyoona sura ya mtu, kupima nani anamkaribia nani. Sheria ilikuwa mita moja na nusu, lakini walio familia moja waliruhusiwa kuwa pamoja. Basi kazi ikawa kuwatenganisha walioandamana na waliokutana tu, la sivyo kila mama aliyemshika mwanawe mkono angehesabiwa mvunja sheria. Hebu wapeleke watafiti wale sokoni kwetu, mahali ambapo muuza samaki ni shangazi, mbeba mizigo ni binamu, na jirani amekushika kiwiko akikuhadithia harusi ya jana.

Nne, na hili ndilo lililotuuma, ni magari. Kenya iliamuru matatu ya abiria 14 ibebe 8. Uganda ikapunguza hadi nusu. Dar es Salaam daladala zikaambiwa "level siti", mwisho wa kuning'inia. Ndani ya gari kukawa na hewa. Nje je? Watu 56 waliokuwa wakiondoka kwa safari 4 za watu 14, sasa walihitaji safari 7 za watu 8, na magari hayakuongezeka. Nauli ikapanda. Asiyeiweza akatia miguu njiani. Aliyebaki stejini akabanana na wenzake akingoja gari ambalo ndani yake angekaa kwa nafasi. Msongamano haukuondoka, ulishushwa tu kwenye gari ukaachwa kituoni.

Na gari lile linapotokea, unajua kinachofuata. Mstari uliokuwa umenyooka nusu saa nzima unavunjika kwa sekunde tatu. Makanga anapiga kelele, watu wanaparamia. Je, wamekuwa wakorofi ghafla? Nadhani foleni inasimama juu ya jambo moja, nalo ni imani kwamba zamu yangu itafika. Anayejua kwamba nyuma ya gari hili kuna jingine baada ya dakika tano atakutunzia mita yako. Anayeshuku kwamba hili ndilo la mwisho kabla ya kafyu, mita yako ataikanyaga, na wewe yake.

Msikilizaji, mazungumzo haya yangekuwa ya kumbukumbu tu kama hatari ingekuwa ya korona peke yake. Kubanana kunaua hata pasipo ugonjwa. Watu wawili katika mita moja ya mraba bado wanatembea. Wakifika wanne, wanaburuza miguu. Wakivuka sita, mwili si wako tena: umati unakuwa kama kitu kimoja, wimbi linaanzia usikokujua na kukubeba usikotaka. Wengi wanaokufa katika misongamano hufa wamesimama, kwa sababu kifua hakipati nafasi ya kupanuka. Na wa nyuma anaendelea kusonga mbele, naye hana ubaya wowote. Haoni tu.

Tunayajua haya kwa uchungu. Tarehe 21 Machi 2021, katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu 45 walifariki katika msongamano wa waliokwenda kumuaga Rais John Magufuli. Kilichowapeleka ni mapenzi. Hakuna aliyetoka nyumbani kwake asubuhi ile akikusudia kumsukuma mwenziwe.

Mahujaji wetu nao wanaijua Mina. Januari 2006 watu 346 walikufa kwenye daraja la Jamarat, pale panapotupwa mawe. Baada ya hapo Saudi Arabia haikuishia kwenye mawaidha ya subira. Ilijenga daraja jipya la ghorofa kadhaa, ikatenga njia ya kwenda na njia ya kurudi, ikayapangia makundi saa zao. Na hata hivyo, Septemba 2015, mbali kidogo na daraja lile lile, makundi yalikutana njiani na mamia wakafa. Serikali yenyewe ilitaja 769, na hesabu zilizokusanywa kutoka nchi za mahujaji zikapita 2,000. Ukiipanua sehemu moja, umati utaitafuta sehemu nyembamba inayofuata. Njia nzima ndiyo inayopimwa, tangu mlango wa kwanza hadi wa mwisho.

Helbing, yule yule niliyemtaja, alichapisha na wenzake mwaka 2000 jambo la kushangaza juu ya milango. Walionyesha kwa kompyuta kwamba watu wakiharakia mlango mwembamba, miili hujifunga kama tao la jiwe, na wanatoka wachache kuliko ambao wangetoka kwa mwendo wa taratibu. Wazee wetu walisema mwenda pole hajikwai, wakimsema mtu mmoja. Kumbe hata umati ni hivyo hivyo. Ila upole una masharti. Huwezi kumwambia aende pole mtu uliyemwambia pia kwamba saa moja ikimkuta nje atapigwa.

Turudi Likoni sasa, tumalize hesabu yetu. Baada ya yale ya 2020, Kenya ilijenga daraja la miguu linaloelea, kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu, likafunguliwa kwa wapita njia mwanzoni mwa 2021. Lilikuwa na urefu wa mita zaidi ya 800 na upana wa kama mita 6. Sema basi mita 4,800 za mraba. Mpe kila mtu zile mita 6 za wale wa Navarra: ni watu 800 juu ya daraja kwa wakati mmoja. Kulivuka ni kama dakika kumi na moja. Kwa saa nzima watapita watu elfu nne na kitu. Sasa watembee kama tulivyozoea, mtu mmoja kwa kila mita ya mraba, bado bila kubanana: hata mwendo ukipungua kidogo, kwa saa watapita zaidi ya 20,000.

Daraja ni lile lile. Elfu nne, au elfu ishirini, kutegemea unadai mita ngapi. Nani anaibeba tofauti hiyo ya elfu kumi na sita? Wataibeba wanaongoja upande wa pili, juani, watoto mgongoni. Ndiyo maana nasema umbali una bei, na anayeuagiza lazima aseme italipwa kwa saa, au kwa milango, au kwa magari. Kama hakusema, italipwa na miguu ya watu. Juni 2020 kafyu iliposogezwa hadi saa tatu usiku, Likoni haikuongezewa hata sentimita ya ardhi, lakini mtu aliyetoka kazini alikuwa na saa mbili zaidi za kuvukia. Kwa hesabu yangu, hizo nazo zilikuwa mita.

Kwa hiyo mwenye kiwanda, usiwafungulie watu wako wote lango saa kumi na moja kamili. Nusu watoke na nusu wafuate baada ya robo saa, njia haitajengwa upya lakini itapanuka. Mwenye uwanja, mwenye msikiti, mwenye kanisa, milango yote ya kutokea ifunguliwe kabla watu hawajasimama, na watu wahesabiwe mbali na lango, pale wanapoweza bado kugeuka nyuma. Nasi wenye miguu tuna wajibu wetu mdogo. Mwache anayeshuka ashuke ndipo upande. Ukifika mwisho wa ngazi usisimame hapo hapo kusoma simu. Sogea kando kwanza. Na ukisikia kifua kinabanwa na mtu wa mbele haendi, usisukume, paza sauti umwambie wa nyuma asimame.

Maana mtu wa nyuma ndiye anayenikaa moyoni katika kisa chote hiki. Wa mbele amekwama na analiona lango limefungwa. Wa nyuma anaona migongo tu. Katika kila msongamano, habari iko mbele na nguvu iko nyuma, na katikati hakuna wa kuifikisha. Siku ile ya Likoni kipaza sauti kimoja kinachosema feri inayofuata inatia nanga saa ngapi, na kwamba atakayekuwa kwenye foleni hatasumbuliwa hata saa ikipita, nadhani kingetenganisha watu kuliko marungu yote.

Muda wangu umekwisha. Kama uko kwenye foleni jioni hii, mwulize aliye mbele yako kuna nini huko, kisha mgeukie wa nyuma umwambie.